Prado Imetoka Bandarini, Tuanze na Nini?

Wiki ya kwanza gari linaongea. Unawasha, na kabla hujavuta mkanda, mwanamke wa Kijapani aliyemo kwenye dashibodi anakuambia jambo kwa adabu zote. Watoto wangu walimpa jina la Shangazi. Ilipita miezi ndipo mtu anayeijua lugha hiyo akanieleza kwamba Shangazi hasalimii, analalamika: kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa. Redio nayo ilikuwa ya kwao, masafa yanaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar es Salaam hazishikiki. Ndiyo maana boresho la kwanza la karibu kila Prado ya mtumba katika ukanda huu ni redio, na hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanzia kwenye la pili.

Yetu ni ya mwaka 2005, toleo la 120, petroli, injini ya 2TR yenye lita 2.7, otomatiki ya gia nne, viti vinane. Siku niliyoipeleka kwa fundi kubadili oili, kijana mmoja pale gereji aliizunguka mara moja, akashika kiuno. “Bosi, hii tunaipandisha inchi nne, tunapiga matairi makubwa, ngao mbele, taa juu. Inakuwa mnyama.” Nilikiri moyoni kwamba nilitaka mnyama. Nani hataki? Ukipita Arusha ukaona yale ma-Land Cruiser ya watalii yaliyorefushwa na kufungwa paa la kufunguka, ukarudi ukaitazama ya kwako imekaa chini kama teksi, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Lakini gari la watalii lina kazi moja, na linaifanya kila siku. Gari la familia lina kazi tano, nne kati yake ni shule, soko, kazini na foleni. Kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika safari za nje ya mji tulizofanya mwaka uliotangulia kwa gari dogo, na zile tulizoahirisha kwa sababu ya gari hilo. Lushoto mara mbili, na mara zote tulitamani kuendelea hadi Mtae tukaogopa. Saadani mara moja. Morogoro hadi Kisaki kupitia Matombo, tulijaribu, tukageuza njiani. Nilipojumlisha kilomita, sehemu kubwa mno ilikuwa lami. Kilichobaki kilikuwa vumbi lenye mikunjo kama bati, mawe ya kupandia mlima, mchanga kidogo, na tope jeusi la mbugani ambalo likilowa halimheshimu mtu. Hakuna mto hata mmoja wa kuvuka uliokuwa na kina cha kufika kwenye boneti. Daftari lile lilifuta nusu ya orodha ya yule kijana kabla sijauliza bei.

Sasa, gari lenye umri wa miaka ishirini lina deni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Tanzania inaruhusu la zamani, unalipia ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Matokeo yake, mengi yanayoshuka bandarini kwetu yamekwisha kula sehemu nzuri ya maisha ya mpira: bushi, hosi, buti za draivu shafti, mikanda, hata mabomba ya breki. Fundi mzuri niliyempata hakuanza na kompyuta. Alilala chini, akapenyeza mtaimbo kati ya mkono wa chini wa kusimamishia tairi na chasisi, akausukuma taratibu. Chuma kilisogea kama jino bovu. Akanionyesha buti ya draivu shafti upande wa kushoto: imepasuka kwenye mkunjo mmoja, na grisi imejichora duara ndani ya rimu. Ile buti ni kipande cha mpira cha bei ndogo. Ukiiacha, vumbi la Kisaki likaingia, unanunua draivu shafti nzima. Kisha akachukua nyundo ndogo akawa anagonga chasisi juu ya ekseli ya nyuma, akisikiliza. Magari ya kaskazini mwa Japani hupita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu yake hujificha pale ambapo rangi nyeusi ya kupulizia huziba macho ya mnunuzi. Chuma kizima kinalia; kilicholiwa kinatoa sauti ya debe.

Mwenye dizeli ana swali la nyongeza, la timingi belti. Injini za Prado za dizeli za lita 3.0 zinatumia mkanda, na kwa kawaida hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Kama huna ushahidi kwamba umebadilishwa, chukulia haujabadilishwa. Petroli ya 2.7 ina cheni, hapo una jambo moja pungufu la kuwazia. Rejeta, termostati, oili za difu na gia boksi, oili ya breki: vyote hivi vilikula bajeti yangu ya miezi mitatu ya kwanza, na ukiegesha nje ya baa hakuna anayeviona. Mwenzangu mmoja aliyenunua siku zilezile alifunga ngao na winchi kwanza. Gari lake lilichemka Chalinze, na winchi haiponyi rejeta.

Baada ya deni kulipwa, ndipo matairi. Hapa ningekaa siku nzima, kwa sababu tairi ndilo kitu pekee cha gari kinachogusa nchi. Mengi ya magari haya huja na matairi waliyoyaacha Wajapani, na baadhi ni ya theluji: mpira laini wenye mikato midogomidogo kama nywele. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana yanaisha kama kifutio, na kwenye mawe yanachanika. Mengine yana uso mzima lakini ni mazee. Angalia ubavuni, utaona tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu baada ya herufi DOT: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Muuzaji anayekuuzia “mpya” la miaka saba hajasema uongo kuhusu kashata. Amesema uongo kuhusu mpira.

Aina ziko tatu kwa herufi zake. H/T ni ya lami. M/T ni ya tope, ina meno makubwa, inavuma barabarani mpaka mtoto aliyelala anaamka, na kwenye lami iliyolowa haishiki vizuri. A/T ipo katikati, na kwa familia inayoishi mjini na kutoka mara chache, sioni sababu ya kutafuta nyingine. Ugumu upo kwenye saizi. Prado nyingi za 120 zinavaa 265/65R17, tairi lenye kipenyo cha milimita 776. Ukienda 265/70R17 kipenyo kinakuwa 803. Umeongeza milimita 27, lakini gari limepanda 13 tu, maana nusu ya nyongeza ipo juu ya ekseli. Spidi mita ikisema 100 wewe uko 103. Hilo nalikubali. Ukipanda hadi 285/70R17 kipenyo ni 831, kosa la spidi ni asilimia 7, tairi linaanza kusugua plastiki unapokata kona, na injini yangu yenye nguvu za farasi 163 na gia nne inaanza kuhangaika kwenye mlima wa Soni. Wenye dizeli yenye tabo watanicheka, na wana haki. Mimi nilibaki na saizi ya kiwandani, nikachukua A/T zenye ubavu mgumu, matano, si manne. La spea likiwa tofauti kwa kipenyo, kwenye gari ambalo 4x4 yake inafanya kazi muda wote kama hili, difu ya kati itazunguka bila kupumzika safari nzima.

Kuna boresho linalogharimu kidogo kuliko yote na linafanya kazi kubwa kuliko yote, nalo ni kipimo cha upepo na kompresa ndogo inayochomekwa kwenye betri. Kibandiko cha mlangoni kwangu kimeandika kPa 200, ambayo ni psi 29, kwa tairi la kiwandani. Vijana wa kujaza upepo wanajaza kila gari 40, “ili liwe jepesi”. Ukiingia barabara ya bati na 40, kila mkunjo unapigwa kwenye uti wa mgongo wa bibi aliyekaa nyuma, na shokapu zinachemka. Shusha hadi 25 hivi, punguza mwendo, gari linatulia kama limebadilishwa springi. Kwenye mchanga wa pwani shuka hadi 18 au 20, tairi linalala, linaacha alama pana, nawe unapita pale ambapo aliyekataa kushusha amezama hadi ekseli. Sharti ni moja: lazima uweze kujaza tena kabla ya lami. Tairi laini kwenye mwendo wa 100 linachemka na kupasuka. Bila kompresa yako mwenyewe hutashusha, na usiposhusha umenunua A/T za bure.

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linaamua yote yaliyobaki. Ni uzito. Watu wanapanga maboresho kwa shilingi, na shilingi ikipatikana wanafunga. Gari lenyewe linahesabu kwa kilo.

Kwenye makaratasi ya Prado yetu, cheti cha Japani kinataja namba mbili: uzito wa gari likiwa na tanki lililojaa, kilo 1,910, na uzito wa jumla, kilo 2,350. Toa, unapata 440. Gawa kwa viti vinane, unapata 55. Japani kila abiria huandikwa kilo 55, awe mcheza sumo au mtoto wa chekechea, na mzigo hauna nafasi kwenye hesabu hiyo. Ndugu zake waliouzwa Australia waliandikiwa kikomo cha karibu kilo 2,850, kwa hiyo chasisi ina akiba. Ila springi zilizokuja na gari la Japani mara nyingi ni laini, za kubembeleza watu kwenye lami, na baadhi ya matoleo ya kifahari yana mifuko ya upepo nyuma badala ya springi, ambayo kwa umri huu huvuja.

Nikaandika ya kwetu. Mimi 84, mama watoto 68, watoto watatu kwa pamoja 105. Mabegi, jiko, chakula na mazagazaga ya Lushoto, 110. Madumu mawili ya maji, 40. Zana, jeki, kamba na koleo, 25. Matairi mapya matano yamezidi ya zamani kwa kilo 18 hivi. Jumla kilo 450. Juu ya 1,910 inakuwa 2,360. Gari ambalo halijafungwa hata boliti moja la urembo limekwisha kuvuka karatasi yake kwa kilo kumi. Sasa ongeza ndoto ya gereji: ngao ya chuma 60, winchi 35, keria ya chuma 40, hema la juu ya paa 60. Ni kilo 195, sawa na watu wazima watatu wembamba waliopanda bila kulipa nauli na hawashuki hata Jumatatu asubuhi unapopeleka watoto shule.

Tena kilo hazilingani. Ngao na winchi zinaning’inia mbele ya ekseli, kwa hiyo pua inashuka na nyuma inakuwa nyepesi. Mzigo wa kwenye keria uko juu kabisa, na kwenye kona za Mombo kupanda Soni unausikia ukivuta gari upande wa bonde. Magari mengi ya ukubwa huu yanaruhusu kilo 80 hadi 100 tu juu ya paa, keria yenyewe ikiwa ndani ya hesabu. Toa 40 za keria, unabaki na mabegi mawili ya nguo. Nimeona Prado zikibeba juu jenereta.

Hapo ndipo springi na shokapu zinapoingia, na zinaingia kama jibu la uzito, wala si kiatu kirefu. Wanaotengeneza vifaa hivi kwa umakini, wengi wao Waaustralia, kama ARB iliyoanza mwaka 1975, wanauza springi kwa viwango: ya mzigo mwepesi, ya wastani, ya mzigo wa kudumu. Kosa la kawaida ni kununua ya mzigo mzito kwa ajili ya safari mbili za mwaka. Siku nyingine zote 350 gari tupu linaruka kama punda aliyechomwa mwiba, na tairi linaloruka halishiki barabara. Chagua springi kwa mzigo unaoubeba siku nyingi. Kuhusu kupanda, inchi mbili, yaani milimita 50, ndipo mbele ya Prado inapovumilia. Juu ya hapo draivu shafti zinakaa kwa pembe kali, buti zinachanika mapema, alaimenti haikubali bila kubadili mikono ya juu, na inchi nne za yule kijana wangu zingehitaji kukata na kuchomelea vitu ambavyo nisingependa vichomelewe. Mwenye bima kubwa aongeze swali hili: je, wenye bima wanajua? Gari lililobadilishwa bila taarifa linaweza kukupa kazi ngumu siku ya kudai.

Mimi nilifunga springi za wastani nyuma na shokapu mpya pande zote, gari likapanda kidogo sana. Mke wangu hakugundua chochote isipokuwa kwamba mtoto wa mwisho hakutapika kwenye barabara ya Kisaki. Kwangu hiyo ilitosha kuwa risiti.

Ngao sijafunga. Ina kazi yake kwa anayesafiri usiku kwenye njia za ng’ombe, lakini sisi hatusafiri usiku, na ngao ya kuchomelewa mtaani ambayo haikupimwa pamoja na mifuko ya hewa ya gari inaweza kuichanganya mifuko hiyo. Mtembea kwa miguu nayo haimwonei huruma. Winchi ni kifaa kizuri chenye udhaifu mmoja: inahitaji kitu cha kujishikilia. Pale tulipogeuza kabla ya Kisaki hapakuwa na mti ndani ya mita mia mbili, palikuwa na tope, mbuga na vijana sita waliotoka sijui wapi, wakatusukuma kwa bei tuliyopatana. Mkanda wa kuvutia wenye kunyumbulika, pingu mbili za chuma zilizopimwa, na koleo vimenitosha.

Jambo moja hapa ni la hatari ya kweli. Chini ya gari la mtumba kuna vitanzi vya kulifungia melini lisiteleze. Vinafanana na ndoano za kuvutia, na kila mara utaona mtu amefunga kamba hapo, au kwenye mpira wa kuvutia trela. Gari lililonasa kwenye tope linaweza kudai nguvu zaidi ya uzito wake, na kitanzi kikikatika kinaruka kama risasi kuelekea kwenye kioo cha gari linalovuta. Fundi akuonyeshe ndoano halisi iliyofungwa kwenye chasisi. Kama haipo, hiyo ndiyo ya kununua kabla ya kamba.

Snokeli nitasema kidogo. Inaleta hewa ya juu, vumbi linapungua kwa anayefuatana na magari mengine, na eya klina inadumu. Lakini wengi wanaifunga kwa ajili ya mito, na hapo inaleta ujasiri wa uongo. Maji yakifika sakafuni gari linaanza kuelea, na injini inayopumua vizuri haisaidii gari lililopoteza ardhi, likiwa na watoto ndani. Kwa pesa hiyohiyo mwenye dizeli anunue kichujio cha pili cha mafuta, chenye kutenga maji. Dizeli ya kwenye madumu vijijini huja na maji yake, na nozeli za injini za kisasa hazisamehe.

Taa pia tunazikimbilia. Anza kwa kung’arisha vioo vya taa vilivyopauka manjano, kisha balbu nzuri za aina ileile. Sisi Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto kama Japani, kwa hiyo mwanga wa taa za chini umepangwa sawa. Ndugu wa Burundi na Congo wanaendesha kulia, na taa za Kijapani ambazo hazijabadilishwa zinammulika anayekuja machoni. Kwao hilo lingekuwa boresho la kwanza kabla ya redio.

Na kuna moja la familia ambalo halimo kwenye duka lolote la vifaa vya safari: wavu na mikanda ya kufungia mzigo nyuma ya kiti. Dumu la lita 20 lililowekwa wima nyuma, gari likipiga breki kutoka 80, linakwenda mbele na kilo zake zote, na mbele yake kuna shingo ya mtoto. Pete za kufungia ziko sakafuni tangu kiwandani. Sisi tulizikuta zimefunikwa na zulia.

Mwezi uliopita, tukirudi Lushoto, nilitaka kujua kama daftari langu linasema kweli. Njiani kuna mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani ya malori kwenye yadi yake. Nikamwomba, akakubali kwa pesa ya soda. Tukapanda mizani wote watano, Shangazi akiwa bado analalamika, na nyuma kabichi, viazi na ndoo ya matunda damu. Akachungulia kidirisha chake, akaandika kwenye kiganja: 2,460. Kilo mia moja juu ya hesabu yangu, bila ngao, bila keria. Akanitazama, akalitazama gari, akacheka.

“Mzee, nikupigie bei ya chuma?”

Mama watoto akatoa kichwa dirishani. “Subiri tushushe viazi kwanza.”